Mkanda Kwenye Kiti Kitupu

Kengele ya mkanda ilianza kulia jioni moja Bibiane akirudi peke yake kutoka Nyangezi. Tii, tii, tii, na taa ndogo nyekundu ya abiria ikawa inawaka na kuzima. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mkoba wake tu. Jeep za siku hizi alizijua: ukiweka hata mkungu wa ndizi kitini zinadhani umepakia mtu, zinadai afungwe. Akauhamisha mkoba sakafuni. Kengele ikaendelea. Akakipapasa kiti, hakuna kitu. Akakipiga ngumi. Ikaendelea vilevile.

Alikuwa amechoka, na Bibiane akichoka hukasirika. Mumewe alikuwa na utani wake, kwamba mkewe hana haja ya makaa, maharage huyachemsha kwa kuyatazama. Basi akafanya kile ambacho madereva wengi wa Bukavu hufanya kengele hiyo ikiwachosha: akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akauchomeka mahali pake, tak. Kengele ikanyamaza. Akapandisha kioo kwa sababu ya baridi, akaendelea na safari yake.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha jeep nje ya lami, na huku kwetu hiyo si anasa, kwa kuwa ukitoka Bukavu kwenda popote lami inakuaga mapema. Wanafunzi wake walikuwa wauguzi, watawa, watu wa mashirika, na wake za watu waliochoka kuombaomba waendeshwe. Kwa wale wanaoanza kabisa alikuwa na kipande cha barabara ya zamani juu ya Nyangezi, kilichoachwa tangu magari yalipoanza kupita chini. Kilikuwa na kilima ambacho hata baiskeli hukipanda, kijito cha maji ya kifundoni, kona mbili pana, na mahali pamoja pa tope. Watu walikiita Njia ya Batoto. Aliyemaliza pale bila kulia ndiye aliyepelekwa kwenye njia za wakubwa.

Hilo tope ndilo lililoleta balaa. Mvua zilikuwa zimelifanya shimo, jeep inazama hadi tumboni, wanafunzi wanapiga kelele na kuapa kwamba hawarudi tena. Zagabe, mumewe, ndiye aliyeitunza njia na ndiye aliyesimama nje wakati wa masomo, akiwaongoza wanafunzi kwa mikono. Akaenda pale siku moja, akalijaza shimo mawe. Mawe mazuri, meusi, ya saizi ya kichwa, yaliyokaa vizuri chini ya matairi. Bibiane alipomuuliza ameyatoa wapi, alijibu kwamba ni ya mtoni, na Bibiane akamsifu. Zagabe alikuwa mtu wa kupendeka, mwimbaji wa kwaya, mcheshi, ila njia ndefu hakuipenda hata kidogo, na mkewe alilijua hilo tangu uchumba.

Nyumbani kwao Kadutu mteremko ni mkali, na kila gari lina kitu cha kuzuia tairi la nyuma. Breki ya mkono ya jeep yao ilikuwa imechoka zamani. Walizoea kutumia gogo, gogo likaoza, na juma lilelile la kutengeneza tope Zagabe akaleta jiwe jeusi, pana, lenye mgongo bapa. Jioni ile ya kengele, Bibiane alipofika, Zagabe akatoka akiimba, akalisukumiza nyuma ya tairi kwa kisigino, wakaingia kula.

Asubuhi Bibiane alifungua mlango wa jeep akapigwa na harufu ya mawese, mazito, mabichi, yamechanganyika na udongo uliolowa. Kisha akaona mkanda. Ulikuwa bado umechomekwa, lakini haukuwa umelala kitini kama alivyouacha. Ulikuwa umepanda juu, umekazwa mbele ya egemeo la kichwa, pale ambapo paji la uso la mtu lingekuwa. Ulikuwa umekazwa kiasi kwamba ulipoguswa ulilia kama uzi wa gitaa.

“Zagabe, nani alibeba mawese mu jeep?”

“Mawese gani?”

“Ile iko nanuka. Na ceinture, huu mukanda, nani aliichezea?”

“Weye njo uliirudisha jana, chérie. Miye sijaingia mule.” Akacheka. “Hasira hasara. Kunywa kwanza chai.”

Neno hilo lilimchoma kuliko kawaida. Alimtazama mumewe anavyopuliza kikombe chake, akaona shingo yake, akaichukia ile shingo kwa sekunde chache, chuki safi isiyo na sababu. Ikapita. Akaona haya, akaenda kufungua vioo hewa iingie.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa Sœur Clémence, mtawa mnene na mpole aliyekuwa akijifunza ili aendeshe jeep ya utawani. Huyu aliwaomba radhi mbuzi kabla ya kuwapigia honi. Bibiane akaushusha mkanda nyuma ya mgongo wake bila kuuchomoa, akakaa kiti cha pembeni kama kawaida ya mwalimu, na hapohapo akainuka nusu. Kiti kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua halikuwepo. Alipokaa tena alihisi kama amekalia magoti ya mtu. Akajiambia ni springi za kiti, kiti ni cha zamani.

Walipanda kilima vizuri, wakavuka kijito, Sœur Clémence akimshukuru Bikira Maria kwa kila gia. Kwenye tope Zagabe alikuwa amesimama ng'ambo, kofia yake ya bluu kichwani, anaita kwa mikono yote miwili, njoo, njoo, taratibu. Matairi ya mbele yakapanda juu ya mawe. Harufu ya mawese ikajaa ndani ya gari, na Bibiane akahisi kitu kinambana paji la uso, kinamvuta kichwa nyuma, na aliposema, “Pole pole, ma sœur,” akasikia mtawa anajibu kwa Kimashi tusi ambalo hata wapakiaji wa Kadutu hulisema wakiwa wamelewa, kwa sauti nzito iliyotoka chini tumboni, na mguu wake mnene ukakanyaga mafuta mpaka mwisho, na usukani ukazunguka, si kuifuata njia bali kumfuata Zagabe, ambaye bado alikuwa anaita kwa mikono, anatabasamu, hajaelewa.

Breki ya mkono ilikuwa karibu na mkono wa Bibiane. Hata ikichoka, ukiivuta kwa nguvu inasaidia. Aliiona. Na baadaye, kila alipolikumbuka jambo hilo, kilichomtia hofu si mtawa wala tusi, ni kwamba aliiona na hakuivuta mara moja. Kitu ndani yake kilikuwa kinasema acha kidogo, acha aone. Kisha akaivuta, jeep ikapiga chafya na kuzimika, na Zagabe alikuwa amejitupa mtaroni, uso mzima ni tope.

Sœur Clémence alishuka akakaa chini kwenye nyasi. Alilia bila sauti.

“Maman Bibiane, haikuwa miye,” akasema polepole. “Mu mikono yangu mulikuwa mikono ya mutu mwingine.”

“Alikuwa anasema nini?”

“Anasema, njo huyu. Ni huyu. Basi.”

Walikuwa bado wamekaa hapo, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi garini, wakati mwanamke mmoja aliposhuka kutoka shamba la mihogo lililo juu ya njia. Aliitwa Domitille, mkulima wa palepale. Walisalimiana naye kila juma kwa mbali. Leo alikuwa na jembe mkononi na hakusalimu. Katikati ya paji lake la uso kulikuwa na mfuo, kama bonde dogo lililokwenda kutoka sikio hadi sikio. Ndio alama ya wanawake waliobeba mizigo mgongoni miaka mingi, kamba ikiwa imepita pajini.

“Nilikuwa ku mazishi Luvungi, mwezi muzima,” alisema. “Narudia, napita pale ku kona, sioni majiwe ya mama yangu. Nani aliitosha pale, nani aliibeba?”

Bibiane akamgeukia mumewe. Zagabe alikuwa anajifuta tope, anajifuta sana kuliko tope lilivyokuwa.

“Majiwe gani, maman?”

“Ile mulipanga hapa chini. Munafikiri siijue? Zingine niliweka na mukono yangu.”

Aliwasimulia akiwa amesimama, bila kupandisha sauti, na hasira ya aina hiyo ndiyo mbaya, ile ambayo mwenyewe ameishaizoea. Mama yake aliitwa Nsimire. Siku hizo magari bado yalipita huku juu. Nsimire alikuwa akipanda kutoka bondeni na bidoni, yaani dumu, la mawese mgongoni, kamba pajini, Domitille nyuma yake na mzigo wake mdogo. Jeep ikamgonga kwenye kona. Jeep kubwa, nyeupe, na aliyeiendesha alikuwa bado anajifunza, kwa maana gia zilikuwa zinalia ovyo.

“Haikusimama,” alisema Domitille. “Na zenye kufuata hazikusimama. Zilikuwa zinamuzunguka tu. Dereva anatazama mbele, patron anatazama mbele. Mawese inachuruzika mu barabara na mama yangu anaita. Hakuna mwenye alimuona. Batu bote bale na macho yabo.”

Baada ya mazishi Nsimire akaanza kusumbua. Magari yalizimika kwenye kona ile, madereva walipigana wao kwa wao bila sababu. Ndipo akina mama wa mizigo walipoanza desturi yao. Kila aliyepita aliweka jiwe moja mahali alipoanguka, akasema neno moja, nimekuona, mama, akaendelea na safari. Mtu hakuhitajika kufanya zaidi. Lundo likakua, na Nsimire akatulia.

“Alitulia sababu balimuona,” Domitille alisema. “Sasa mumetosha macho yake yote mukatia mu tope. Munaita batu bajifunze jeep juu yake. Asubui munamugonga, mangaribi munamugonga tena.”

Sœur Clémence alijifanyia ishara ya msalaba. Bibiane aliyafikiria masomo yote ya majuma hayo, matairi yanavyopanda na kushuka juu ya yale mawe, mbele, nyuma, mbele tena, yeye mwenyewe akisema vizuri, rudia.

“Uliniambia ni ya mutoni,” alimwambia mumewe.

“Chérie, mutoni ni mbali. Ilikuwa tu majiwe imelala hapa. Miye ni mukristu, siwezi kuogopa majiwe.”

“Ulijua ni kaburi?”

“Kaburi iko ku paroisse, ku kanisa. Pale ilikuwa... niliona majani kavu na maua juu yake. Nilijua ni kitu ya batu.” Akainamisha kichwa. “Nilijua kidogo.”

Hiyo “kidogo” ilimpandisha Bibiane mori. Alisimama, ngumi zimefumbwa, na pale garini, gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake, kengele ya mkanda ikaanza kulia, tii, tii, tii. Domitille alitazama jeep, halafu akamtazama Bibiane.

“Mulimufunga ceinture?”

“Ilikuwa inalia. Nilifunga ili inyamaze.”

“Basi ulimupa kiti. Aliomba kubebwa, ukamubeba.” Alimsogelea, akamshika kiwiko, na sasa alikuwa ananong'ona. “Anamutafuta bwana yako, juu yeye njo alitosha majiwe. Lakini unisikie, maman. Muzimu hana miguu. Anatumikishaka miguu ya mwenye hasira. Ule mwenye alitosha, njo atarudisha, kwa mikono yake, moja moja, na aseme neno yetu. Yote. Ikibakia hata moja, atakuya kuifuata kule iko. Na weye, ile hasira yako uipunguze.”

Ilinyesha mchana kutwa. Zagabe aliyang'oa mawe matopeni kwa mikono, akayabeba tumboni moja baada ya jingine hadi kwenye kona, akayaweka, akasema nimekuona, mama. Mwanzoni alisema kwa haya, kama mtoto anayelazimishwa kuomba radhi. Kucha zilipoanza kutoka damu akaacha kuona haya. Mwishoni alikuwa analia, na Bibiane, aliyekuwa akiyaosha mawe kijitoni kabla mumewe hajayabeba, alisikia hasira inamtoka kidogo kidogo. Huyu alikuwa mume wake. Ni mvivu wa njia ndefu, basi, lakini ni wake, na asubuhi ile nusura amzike. Sœur Clémence alishika rozari chini ya mwavuli mpaka lundo likasimama tena.

“Yote?” Domitille aliuliza.

“Yote,” alisema Zagabe.

“Apa.”

“Naapa mbele ya Mungu. Yote.”

Domitille akaweka jiwe lake mwenyewe juu, akaenda zake bila kuaga. Kengele ilikuwa imenyamaza. Bibiane akafungua mlango wa abiria, akabonyeza, mkanda ukarudi ndani taratibu, ukakaa kama mkanda wowote. Harufu ilikuwa imekwisha. Zagabe akakaa kile kiti, akakiona baridi, akasema ni kiti cha kawaida.

Walimshusha mtawa kwao, wakapanda kuelekea Kadutu giza linaanza kuingia. Soko lilikuwa linafungwa, akina mama wanakunja maturubai yao, pikipiki zinajipenyeza kila mahali. Bibiane aliendesha kwa mkono mmoja na kwa mwingine aliushika mkono wa mumewe uliofungwa kitambaa cha mtawa. Zagabe alianza kuimba wimbo wa kwaya, akakosea maneno, wote wawili wakacheka. Hawakuwa wamecheka hivyo kwa muda mrefu.

Nyumbani Bibiane aliiegesha jeep mteremkoni, pua ikitazama juu, akazima injini, akavuta breki ya mkono iliyochoka, akaacha mguu kwenye breki ya chini, kama kila siku, akingoja.

“Kaa hivyo,” alisema Zagabe. “Niweke jiwe.”

Akashuka, na Bibiane akamwona kwenye kioo. Taa za breki zilimfanya mwekundu, yeye na ukuta na mtaro. Aliinama, akaliokota lile jiwe jeusi, pana, lenye mgongo bapa, akalikumbatia tumboni jinsi alivyoyakumbatia mengine mchana kutwa. Ukubwa uleule. Weusi uleule. Bibiane aliyeyaosha yote kijitoni angeweza kulitambua hata gizani.

Tii, ikasema kengele. Tii, tii.

“Zagabe,” aliita kwa dirisha, polepole sana. “Ile jiwe ulitosha wapi?”

Zagabe alisimama na jiwe lake. Alitafuta uongo, akaukosa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale nyuma ya tairi.

“Ni moya tu, chérie,” akasema. “Moya tu. Ntairudisha kesho.”

Akachuchumaa nyuma ya gari ili aliweke. Kwenye kioo ikabaki kofia ya bluu peke yake. Kando ya Bibiane mkanda ulianza kutoka ukutani mwa gari, pole pole, bila mkono wa kuuvuta, ukapita juu ya kiti, ukashuka, ukajichomeka, tak, na kengele ikanyamaza, na harufu ya mawese ikapanda ikamjaa puani na kooni, na kamba ikambana pajini, nzito, na nyuma ya kamba akauhisi mzigo wote, bidoni, mlima, jeep nyeupe, magari yanayozunguka, nyuso zinazotazama mbele, na juu ya mzigo huo mzigo wake mwenyewe, ya mutoni, nilijua kidogo, naapa mbele ya Mungu, moya tu, miaka yote ya njia fupi za mtu huyu, mpaka hakuweza tena kujua hasira ipi ni yake na ipi ni ya mgeni wake. Alitaka kupiga kelele kwamba mumewe atoke pale nyuma. Ulimi haukutii. Kitu kimoja tu kiliweza kutoka, akakitoa kwa kunong'ona, akikishikilia kwa meno.

“Nimekuona, mama. Nimekuona, nakuomba.”

Kiti cha pembeni kikalia kidogo, kama mtu aliyekaa vizuri zaidi. Kisha kinywa cha Bibiane kikafunguka tena chenyewe, na sauti nzito ya kutoka tumboni ikajibu kwa utulivu.

“Na miye nimemuona.”

Mguu wake ukainuka kwenye breki.